Beseni la Bluu

Kwanza nitaje mafuta, maana bibi yangu Deolinda
hakuanza hadithi yoyote pasipo mafuta:
ya nguruwe, meupe kama mshumaa wa kanisa,
yaliyopaswa kwisha Jumanne ile, na sukari iishe,
na mayai yaishe, kabla padri hajatupaka majivu.
Ndivyo walivyofanya kwao, Sao Migeli,
kisiwa cha mawe meusi na ng'ombe waliolowa ukungu.
Saumu haikai nyumba moja na kishawishi.

Basi alikanda. Alianza king'ora cha alfajiri kilipolia Waialua,
unga, mayai kumi na mawili, maganda ya limau,
akalichorea donge msalaba kwa ukingo wa kiganja
akalifunika kwa koti la babu. Likaumuka
hadi koti likaonekana lina mtu ndani.

Ng'ambo ya mfereji, kambi ya Waokinawa,
hapakuwa na moshi. Wiki ya tatu ya mgomo.
Duka la kampuni lilikuwa limewafungia daftari;
mle dukani mtu hakuwa na jina, alikuwa na kibati chenye namba,
na namba iliyogoma haikopeshwi.

Babu alikuwa nyapara. Alikuwa na farasi.
Aliambiwa, naye akatuambia:
asivuke mtu.

Bibi hakuvuka. Alimtuma mama yangu, umri miaka tisa,
na beseni la bluu lililobanduka rangi ukingoni,
malasada thelathini zikivuja joto chini ya kitambaa.
"Ukiulizwa, sema unakwenda kumwaga maji machafu."

Kamado Tengan alipokea kwa mikono miwili.
Alichukua moja, akaipasua, akainusa ndani
kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenziwe.
Kisha akacheka.
"Andagi!"
"Malasada," akasema mama.
"Andagi."
"Malasada!"
Kireno hakukijua, mama naye hakujua chake,
wakabishana kwa neno moja moja, sukari midomoni,
na watoto sita wakila bila kuchagua upande.

Usiku wa Alhamisi beseni likarudi mlangoni.
Ndani, andagi kumi na moja, mviringo,
ngumu nje, kila moja imepasuka ubavuni
kama mtu aliyezuia kicheko kikamshinda.
Unga ule waliutoa wapi?
Bibi aliwahi kufunga hata siku za uchungu wa kuzaa;
usiku ule alikula moja, wima,
ameupa msalaba mgongo.

Asubuhi yalikuja magari ya kampuni, na polisi.
Mikeka, masufuria, godoro, mtoto anayekohoa.
Kamado alitoka na karai lake kichwani,
masizi yake bado mabichi.
Babu alikuwa pale, juu ya farasi, akihesabu nyumba.
Sitasema aligeuza uso. Mama alimwona: hakugeuza.

Siku hizi kwenye sherehe watu hubishana nani alianza.
Huyu atasema ni watawa wa kisiwani, yule atasema Wamoori,
mwingine atawapa Wachina, na jirani yangu, mtu wa Ilokosi,
atasema wote mmechelewa, na kuleta zake za nazi
zilizochomekwa kijitini.
Mimi hula za kila mmoja na kumkubalia.
Unga na maji, na njaa iliyopata mafuta kidogo:
nani angengoja kufundishwa?

Ninalotaka kujua ni jingine.
Beseni liko kwangu, limening'inia juu ya jiko,
kutu imetoboa tundu dogo chini, nimeliziba kwa risasi.
Kila nikikutana na mtu wa ukoo wa Tengan, namuuliza:
una bibi aliyewahi kuishi Waialua?
Wengi hutikisa kichwa. Mmoja alidhani namdai.

Hapana. Chombo hakirudishwi kitupu,
na cha mwisho kujaza walikuwa wao.
Zamu ni yetu. Imekuwa yetu tangu Ijumaa ile,
na unga nimekwisha kuuweka
chini ya koti.